Kadi ya michoro: ninunue sasa au nisubiri hadi katikati ya mwaka?

Mhariri wa Kondele (Kisumu)

Hamjambo nyote. Ninahariri video za harusi, za ayie (sherehe ya posa ya Waluo) na za matanga hapa Kisumu, na kwa miaka minne kazi yote imefanywa na kompyuta moja: Dell OptiPlex 7050 ya mnara, miongoni mwa zile zinazoitwa ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, yenye prosesa ya Core i7-7700, ramu ya GB 16 na kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4. Ninatumia programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve Studio, ambayo leseni yake nilishailipia. Hadi mwaka jana sikuwa na lalamiko lolote. Shida ilianza pale mwenzangu tunayepiga naye picha aliponunua Sony A7 IV. Video za kamera yake zikiingia katika mradi, picha hukwama kila baada ya sekunde chache, na nikianza kusawazisha rangi ninapata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa. Harusi ambayo zamani niliimaliza kwa siku tatu sasa inanichukua wiki nzima, na nina miradi mitano ya Desemba ambayo wenyewe wameanza kunipigia simu.

Nimeweka akiba ya shilingi 45,000. Duka moja la Luthuli, Nairobi, limeniambia kwamba RTX 3060 ya GB 12 iliyokwisha kutumika ni shilingi 36,000, na RTX 5060 mpya ya GB 8 ni shilingi 56,000. Muuzaji ananihimiza ninunue wiki hii, akisema kwamba bei za kumbukumbu za kompyuta zimepanda duniani kote na kadi nazo zitafuata. Binamu yangu aliye Nakuru anasema nisubiri hadi katikati ya mwaka, kwa kuwa kadi mpya zikitoka za zamani hushuka bei. Pasaka inakaribia, na baada yake harusi za Aprili na za Agosti. Sitaki kuingia katika msimu huo na mashine ikiwa hivi ilivyo, wala sitaki kumaliza akiba ya miezi minane kwa kitu kitakachouzwa nusu bei baada ya miezi mitatu. Ninunue sasa au nisubiri?

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Ndugu yangu, kabla ya kuzungumzia bei, fungua kasha la mashine yako usome kibandiko cha pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia mashine umeme. Katika mnara wa 7050 utakuta wati 240. RTX 3060 peke yake hutumia hadi wati 170, prosesa yako wati 65, na hapo bado hujahesabu diski, feni na ubao mama. Kadi hiyo pia huhitaji waya wa umeme wa pini nane unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na mashine yako haina waya huo. GTX 1050 Ti imekutumikia kwa utulivu kwa sababu hutumia wati 75 tu, nazo huzipata kupitia nafasi ilimochomekwa kwenye ubao. NVIDIA wenyewe hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa 3060. Usidhani pia kwamba utanunua pawa saplai ya kawaida na kuichomeka, kwa kuwa Dell huweka viunganishi vyao wenyewe katika mashine hizi za ofisi, na utalazimika kutafuta waya wa kugeuza. Basi ile kadi ya 36,000 si ya 36,000 tena.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na ninakuomba ulisome pole pole. Umetaja matatizo mawili ukayahesabu kuwa moja. Kumbukumbu kujaa ni tatizo la kadi, kwa kuwa GB 4 hazitoshi kusawazisha rangi za picha za 4K, zile kubwa zenye pikseli nyingi. Lakini kule kukwama kwa picha, kama ninavyoshuku, kunatokana na jinsi kamera ya mwenzako inavyorekodi. A7 IV inaweza kurekodi H.265 (njia ya kubana video) ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani yenye taarifa za rangi mara mbili ya zile za 4:2:0 ambazo kamera nyingi hutumia. Ndani ya kadi ya michoro kuna sehemu maalumu ya kusimbua video, yaani kuifungua video iliyobanwa ili ichezwe, na katika kadi za GeForce sehemu hiyo haikuweza kusimbua rangi za 4:2:2 hadi mfululizo wa RTX 50 ulipotoka mwaka 2025. Kadi yako haiwezi, na RTX 3060 haiwezi pia. Kazi yote huangukia viini vinne vya i7-7700, navyo vinalemewa. Ukinunua 3060 leo, ule ujumbe wa kumbukumbu utaondoka, lakini picha zitaendelea kukwama, nawe utaamini kwamba umeuziwa kadi mbovu.

Kwa hiyo fanya majaribio matatu yasiyogharimu chochote kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa M-Pesa. Kwanza, mwombe mwenzako abadilishe mpangilio wa kamera arekodi 4:2:0 ya biti 10, kisha arekodi dakika tano tu uone mashine inavyozipokea, kwa maana kadi yako ya sasa inaweza kuzisimbua hizo. Pili, kwa ile miradi mitano iliyokwisha kurekodiwa, iambie Resolve itengeneze nakala nyepesi za video usiku ukiwa umelala, uhariri kwa nakala hizo, na mwishoni programu irudi kwenye video halisi wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho. Tatu, weka mradi katika 1080p, ukubwa mdogo zaidi wa picha, badala ya 4K kama mteja hakulipia 4K. Utuletee matokeo, ndipo tuzungumze juu ya kununua.

Mchoraji wa Lurambi (Kakamega)

Ninamheshimu Fundi, na hesabu yake ya umeme sina la kuipinga, lakini ningependa kujibu lile swali la kusubiri, kwa kuwa mimi nilisubiri na nikajutia. Ninachora majengo kwa programu ya Blender. Mwaka 2021, RTX 3060 ilipotoka mwezi Februari, bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 329, lakini wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizinunua kadi zote na bei hiyo ikabaki kwenye karatasi. Nikasubiri. Mnamo Septemba 15, 2022, sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji unaotegemea kadi hizi, na kadi zilizotumika zikaanza kumiminika sokoni. Wakati huo kusubiri kulikuwa na maana kwa aliyekuwa akifuatilia, kwa sababu palikuwa na tukio lenye tarehe linaloeleweka. Mimi sikununua hata hapo, nikitumaini kwamba bei zingeshuka zaidi. Mwaka 2023 shilingi yetu ikaanza kuporomoka, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160. Kadi ya dola 299, kama RTX 4060, ilikuwa karibu shilingi 47,800 kabla ya kodi na nauli. Katikati ya mwaka huo dola ilikuwa imerudi kwenye shilingi 129 au 130, na kadi ile ile ikawa kama 38,600. Tofauti ya shilingi elfu tisa ilipatikana bila bei ya Marekani kushuka hata senti. Kwetu sisi thamani ya shilingi imewahi kuamua mengi kuliko tarehe ya kutoka kwa kadi mpya, na hakuna binamu wa mtu anayeweza kuitabiri.

Mwaka huu ninaona sababu chache za kutegemea nafuu. Muuzaji wako ana faida yake, lakini katika jambo la kumbukumbu amesema kweli. Vituo vya data vya akili unde vinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi kiasi kwamba mwezi Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuwa inaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida bidhaa zake za Crucial. Kadi ya michoro imejaa chipu za aina hiyo, na kadiri kadi ilivyo na GB nyingi ndivyo inavyoguswa zaidi.

Kuhusu ile 5060 ya shilingi 56,000, piga hesabu hii kabla ya kujadiliana. Bei iliyotangazwa ni dola 299, ambazo kwa dola ya shilingi 129 ni 38,571, na ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika kama 44,700. Nauli, ada nyingine za forodha na faida ya muuzaji ndizo zinazokamilisha zilizobaki. Hajakuibia, ila anayo nafasi ya kupunguza shilingi elfu mbili au tatu.

Ukiamua kununua kadi iliyotumika, usiinunue kwa picha za simu. Mwaka 2022 niliuziwa kadi niliyoambiwa ni GTX 1050 Ti, na Windows nayo ikaonyesha jina hilo hilo, ilhali ndani yake mlikuwa na chipu ya miaka mingi nyuma iliyobadilishwa maandishi. Niligundua nyumbani kwa programu ya GPU-Z, ambayo iliandika waziwazi kwamba kadi ni bandia. Shilingi 14,000 zangu hazikurudi, kwa sababu sikuwa na risiti. Siku hizi mimi naenda dukani na GPU-Z kwenye flashi, naiomba kadi ichomekwe mbele yangu, kisha naipa kazi nzito kwa nusu saa nikitazama joto lake na kusikiliza feni. Muuzaji anayekataa nusu saa hiyo, ninamwachia kadi yake.

Msafiri wa Bungoma

Kaka, je, umefikiria kuachana na mnara huo kabisa? Mac mini ya M4 husimbua 4:2:2 bila shida, haitumii stima nyingi, na leseni yako ya Resolve Studio hufanya kazi huko pia. Bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 599.

Mchoraji wa Lurambi (Kakamega)

Ni mashine nzuri, lakini dola 599 ni zaidi ya shilingi 77,000 kabla ya kodi, naye ana 45,000. Tumshauri kwa pesa alizo nazo.

Mhariri wa Kondele (Kisumu)

Nawashukuru sana, na hasa wewe Fundi, kwa kuwa sikujua hata kidogo kwamba tatizo langu lilikuwa mawili. Nimefanya majaribio jana na leo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kibandiko cha pawa saplai kinasema wati 240, kama ulivyosema. Mwenzangu aliitazama kamera na kukuta kweli imewekwa 4:2:2, kwa kuwa aliyemuuzia alimwambia ndio ubora wa juu. Tulirekodi dakika tano kando ya ziwa, pale Dunga, kwa 4:2:0 ya biti 10, na zilicheza katika Resolve bila kukwama. Niliziweka sambamba na video ya 4:2:2 ya mahali hapo hapo, nikawaonyesha watu watatu nyumbani, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Kuhusu nakala nyepesi, mradi wa harusi moja ulichukua saa saba za usiku kutengenezwa, na asubuhi nilihariri kama zamani. Lakini ujumbe wa kumbukumbu kujaa bado unatokea ninapoweka marekebisho ya rangi juu ya 4K. Katika 1080p haujatokea.

Kwa hiyo sasa najiuliza kama ninahitaji kununua chochote. Ninasita kwa sababu moja: wateja wawili wa Agosti wameomba 4K na wamekubali kulipia zaidi. Tena saa saba za kutengeneza nakala ni nyingi mno kwa mtu anayetegemea stima ya huku kwetu, kwa maana usiku wa kuamkia leo ilipotea kwa dakika kumi na UPS yangu ndogo (betri ya dharura) ikanusuru kazi kwa taabu.

Mzee wa Milimani (Kisumu)

Mwanangu, mimi si mtu wa video, lakini nimetengeneza vifaa vya umeme katika mji huu kwa muda mrefu, na neno hilo la UPS limenishtua. Unakusudia kuweka kadi ya makumi ya maelfu katika nyumba ambayo nadhani haijapimwa waya wake wa ardhini. Mvua za alasiri za hapa huja na radi, na radi si lazima ipige nyumba yako ili iharibu mashine, kwani ikipiga karibu na nyaya za mtaani inatosha. Mwite fundi umeme apime waya wa ardhini, chomoa mashine ukutani mvua inapokaribia badala ya kuzima swichi tu, na uhakikishe kwamba UPS inaweza kubeba wati za kadi mpya pamoja na skrini. UPS ndogo iliyonunuliwa kwa ajili ya mashine ya ofisi itazima papo hapo kadi inapovuta nguvu zake zote. Joto la Kisumu nalo si la Nakuru. Kasha lisilo na feni ya mbele litaichosha kadi mchana wa Februari, na vumbi litamalizia.

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Mzee amesema yale niliyopaswa kuyasema mwanzoni, nami naongeza kwamba gharama ya UPS iingizwe katika hesabu tangu sasa.

Mhariri, matokeo yako yamenirahisishia jibu. Miradi mitano ya Desemba imalize kwa nakala nyepesi na 1080p. Hiyo haihitaji ununuzi. Kwa harusi za Pasaka na Aprili, kamera ibaki kwenye 4:2:0. Swali lililobaki ni la Agosti na 4K, na hapo simwungi mkono binamu yako wala muuzaji wako. Ninachokushauri ni kununua sasa, lakini usianze na kadi.

Msingi wa mashine yako ndio unaokufunga. Prosesa ya i7-7700 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Pawa saplai haiwezi kubeba kadi yoyote yenye nguvu, na kasha la Dell halikubali vifaa vya kawaida bila usumbufu. Tafuta Core i5-12400, ile isiyo na herufi F mwishoni, kwa kuwa yenye F imezimwa sehemu yake ya michoro, na sehemu hiyo ndiyo unayoihitaji: prosesa za Intel za kizazi cha 11 na cha 12 husimbua H.265 ya 4:2:2 zenyewe, bila kuitegemea kadi. Tafuta ubao mama unaopokea ramu ya DDR4 kama yako, wala si DDR5 iliyo mpya zaidi, ili uhamishie ramu yako ya GB 16 na usiguswe na bei hizi mpya za kumbukumbu ambazo dada wa Lurambi amezieleza. Kwa bei za hapa Nakuru nilizoulizia asubuhi, prosesa ni shilingi 20,500, ubao 11,500, pawa saplai ya wati 650 ni 7,000, na kasha lenye feni mbili za mbele ni 4,500. Jumla ni 43,500. Ile GTX 1050 Ti ihamie humo pamoja na ramu, iendelee kukutumikia katika 1080p.

Kadi isubiri hadi Juni, na hapo utakuwa unasubiri kwa sababu inayoeleweka: malipo ya Pasaka na Aprili yatakuwa yameingia, nawe utakuwa na mashine inayoweza kupokea kadi yoyote utakayoipata. Ikiwa bei zitapanda kufikia Juni, utakuwa umepoteza shilingi elfu chache. Ukinunua kadi leo bila msingi, utakuwa na kadi isiyoweza hata kuwashwa.

Mchoraji wa Lurambi (Kakamega)

Nimesoma na kurudia kusoma, na nimebadilisha mawazo kuhusu kununua 3060 mara moja. Kwa mtu wa Blender kama mimi, ambaye kumbukumbu ya kadi ndiyo inayoamua kama jengo zima litaingia ndani yake au la, bado ningeichukua leo. Kwa kazi ya Mhariri, Fundi yuko sahihi. Ninaomba jambo moja tu, kwamba Juni ikifika asichukue kadi ya GB 8 kwa sababu tu ni mpya. Anayesawazisha rangi za 4K atazijaza GB hizo mapema kuliko anavyodhani. Kwa kuwa prosesa itakuwa imebeba kazi ya 4:2:2, ile 3060 ya GB 12 itamfaa kuliko 5060 ya GB 8, na kwa bei ya chini.

Mhariri wa Kondele (Kisumu)

Nimeamua. Ijumaa nitapanda matatu kuja Nakuru na mnara wangu, Fundi, ikiwa utakuwa dukani, ili ramu na kadi zihamishwe na kujaribiwa mbele yangu kabla sijalipa. Yule muuzaji wa Luthuli nimemwambia kwamba nitarudi kwake mwezi Juni kwa ajili ya 3060, na nikamuuliza kama ataniruhusu kuijaribu kwa nusu saa dukani. Amekubali. Mzee wangu wa Milimani, fundi umeme anakuja kesho kupima waya wa ardhini, nami nitakujulisha atakachokikuta.

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Nitakuwapo kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo pia na diski yenye video za 4:2:2 za harusi mojawapo, tuzicheze hapa hapa kabla ya kufunga kasha.